Nyongo ya Nassoro

Nassoro alichinja mbuzi katika soko la Mangobo tangu ndevu zake hazijaota, na kazi yake ilikuwa na sheria moja: ukitoboa nyongo, umeharibu nyama. Kwa hiyo Daktari Kasongo alipomwambia atamtoboa ubavuni kwa sindano ndefu, ipite ndani ya ini mpaka kwenye mfereji wa nyongo, Nassoro alimtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi wa siku ya kwanza.

"Citoyen docteur, nani alikufundisha kuchinja?"

"Sichinji, papa. Natoboa tu."

"Ndiyo mubaya zaidi."

Akarudi nyumbani na ugonjwa wake. Macho yalikuwa manjano, mkojo mweusi kama kahawa. Hayo angeyavumilia. Kilichomshinda ni mwasho. Alijikuna kwa kucha, kwa gunzi la mahindi, kwa mgongo wa kisu. Na binti yake Feza alikuwa anakaribia kuolewa. Nassoro alikwisha kuwaapia wakwe kwamba mbuzi wa arusi atachinjwa kwa mkono wake, na mtu anayejikuna kisu kikiwa kooni hachinji, anatesa.

Shemeji yake Lukumani, mwenye meza ya nyama ya jirani, alimwonea huruma.

"Niachie mimi kisu, shemeji. Wewe jikune vizuri."

Kesho yake Nassoro alikuwa tena mbele ya daktari.

"Kansa imebana mfereji," alisema Kasongo. "Hiyo siwezi kuiondoa, papa, sitakudanganya. Nitaingiza mpira mwembamba, nyongo itokee nje kwenye mfuko. Mwasho utaisha."

"Na nyama?"

"Nyama gani?"

"Mimi."

Daktari akafikiri kidogo. "Nyongo imekosa njia, imerudi kwenye damu. Nyama imekwisha kuwa chungu. Mimi nataka kuipunguzia uchungu."

Hilo lilikuwa jibu la mtu anayejua kazi. Nassoro akavua shati.

Walimtia ganzi ubavuni, akabaki macho. Daktari alitazama picha ya mashine. Nassoro alitazama mkono wa daktari. Haukuwa na haraka. Sindano iliingia, ukafuata waya, na juu ya waya ukapita mpira. Kisha maji ya kijani yakaanza kushuka mfukoni, mengi kuliko ya mbuzi yeyote aliyewahi kumpasua.

Mwasho ukapungua, kisha ukaisha. Nassoro akalala usingizi. Mama Feza, mkewe, naye akalala.

Siku ya arusi alifunga mfuko kiunoni kwa kipande cha kitenge, akavaa kanzu juu yake. Alisema bismillahi, akakata mara moja. Kisha akaketi, maana nguvu zilikuwa zimekwisha, akamwachia Lukumani kazi ya kupasua.

Lukumani alipasua huku akiwasimulia wakwe habari za ustadi wake. Kisu kikaingia kwenye nyongo. Ini lote likawa kijani.

Wakwe wakainama kulitazama.

"Shemeji," alisema Nassoro, "kuna kijana mmoja hospitali. Nenda akufundishe. Mimi alinitoboa, na sikuwa muchungu."

"Ulikuwa muchungu tangu uliponioa," alisema Mama Feza, akija na beseni la maji.

Nassoro akaagiza ini lioshwe kwa ndimu na likaangwe. Lilipoletwa, alikula kipande cha kwanza yeye mwenyewe, wakwe wakimtazama. Alitafuna polepole, akameza.

"Iko muzuri," alisema.

Halikuwa zuri. Wakwe wakala.