Jiko la Gereji

Nyumba tuliyopanga Mlandege mwaka hamsini na sita ilikuwa na gereji, na sisi gari hatukuwa nalo. Mume wangu Bartholomeo, dereva wa lori, akaijaza matangi aliyoyaunda kwa vioo vya madirisha na kuyaziba kwa lami. Humo akafuga samaki wa bluu aliowaleta kwa debe kutoka Ziwa Nyasa.

Samaki wa joto, Iringa, mwezi wa saba! Kila jioni aliwawashia jiko la mkaa, lile lile alilonikatalia chumbani, eti moshi utaniua. Mimi nalala na soksi na kanga tatu, wao wanaulizwa, "Mmeshiba, wazuri wangu?" Mimi hajawahi kuniita mzuri tangu anioe.

Jioni moja uvumilivu ukanishinda. Nikabeba kigoda na blanketi, nikaketi gereji kati ya jiko na matangi. Mgongo ukapata moto, nikaanza kusinzia. Bartholomeo akaingia, akasimama akinitazama. Nikajua leo ameniona.

Akainama, akanishika bega kwa upole ambao sikuwahi kuujua.

"Mama Yudith," akasema, "sogea kidogo. Unawazibia joto."