Chupa Tumboni mwa Kochi

Siku ile mjinga alikuwa Springi mwenyewe, na tusimtafutie mtu wa kumsaidia kuubeba ujinga huo. Alikuwa fundi makochi hodari, mdomo haulali, na ugonjwa wa sukari ulikuwa umemzoea kama mpangaji asiyehama. Kila asubuhi alijitoboa kidole, akapima, kisha akajidunga insulini, mkewe akiisoma namba kama mwalimu anayesoma matokeo ya mtihani.

Siku za karibuni namba zilikuwa zikishuka, na mkewe akavimba kichwa.

"Ni uji wangu huo," alimwambia wifi yake. "Hauna sukari hata chembe!"

Springi aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, moyoni anacheka. Kila jioni, kabla ya kufunga karakana, alichomoa chupa ya pombe kali tumboni mwa kochi kuukuu, akapiga mafunda na mwenzake wa kazi, Msumari. Asubuhi sukari iko chini. Sasa dawa ni nini tena kama si hiyo?

"Apa hutamwambia shemeji yako," Springi alimwambia.

"Naapa. Mimi ni kaburi, ila napiga nyundo."

Mchana mmoja wakamaliza seti ya mteja msumbufu. Furaha ilimshibisha Springi, chakula hakukigusa. Chupa ikatoka. Alasiri jasho likamvuja, mikono ikatetemeka, ulimi ukawa mzito.

"Leo imekushika!" Msumari akacheka, akamlaza kwenye kochi, akarudi kwenye kazi yake. Baadaye alipomtikisa, Springi aliguna tu.

Alizindukia hospitali, dripu ya sukari mkononi.

"Sukari ikipungua, ini ndilo humwaga akiba yake ya sukari," muuguzi alimwambia. "Wewe umelitwisha kazi ya kusafisha pombe, tumbo tupu, na insulini imo mwilini. Nani angekumwagia? Tena hatari haiishi chupa inapoisha. Inaweza kukufuata hadi usingizini. Na wanaokuona watasema, mlevi huyo, mwacheni alale."

Mkewe alikuwa amekaa kando, mkoba mapajani.

"Kumbe nautangazia ulimwengu uji," alisema, "na mume wangu ananicheka."

Akamgeuzia mgongo. Maneno yale yalimchoma Springi kuliko sindano zote alizowahi kujidunga. Siri ilikuwa ya watu wawili, na yeye hakusema. Basi aliyesema anajulikana.

Aliporuhusiwa kutoka, hakupumzika. Kesho yake, baada ya chai, alikwenda karakana. Msumari alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, misumari midogo imejaa mdomoni kama kawaida ya mafundi.

"Umeniuza," Springi akasema. "Nimekula na wewe, nimecheka na wewe, ukaapa mbele yangu! Sasa mke wangu hanisemeshi. Chai ananiwekea mezani kama anamwekea mgeni wa jirani. Adui yangu asingenifanyia hivi, ndugu yangu. Nimekukosea nini mpaka unisaliti?"

Msumari akaitema misumari kiganjani, akainuka.

"Nimekusaliti, kweli. Shemeji alipiga simu, akauliza mbona hupokei. Nikamjibu umechoka, umelala. Hapo ndipo nilipokusaliti. Alipopiga tena nikamwambia ukweli, ndiyo maana leo unao mdomo wa kunitukania."