Mabehewa Ishirini na Vitambaa Vyake

"Usiseme nami kwanza, wifi," Zaida alisema, na mkono wake ukazidi kuzama ndani ya beseni.

Magurudumu. Beseni zima magurudumu matupu, madogo kama vifungo vya shati. Akasogea kwa magoti hadi kwenye ungo: kuta, zimelazwa ubavu kwa ubavu kama dagaa. Akapapasa mkeka. Sakafu ishirini zilikuwa zimepangwa tano tano, safi, hazina hata chembe ya vumbi.

"Umependa, eh?" Atija alisema kutoka jikoni. "Wewe umekwenda hospitali kufuata barua yako ya macho, nikasema nami nisikae bure. Nimekupangia mafungu. Ungetandaza hivi sokoni, kabla ya adhuhuri umeshamaliza."

Atija alikuwa dada wa marehemu Jafar, mume wa Zaida. Alikuwa ameuza samaki wakavu katika soko la Palma, kaskazini mwa Msumbiji, tangu ujana wake, na kwake yeye kitu kizuri ni kile kilichowekwa pamoja na wenzake wa aina moja.

"Na vitambaa viko wapi?"

"Vile vilivyofungiwa? Nimevifua. Vimejaa unga wa mbao, aibu kumpa mtu wa kampuni. Viko kwenye kamba."

Zaida aligeuza uso kuelekea uani. Jicho la kushoto halikuwa limeona kitu tangu Ramadhani ya mwaka juzi. La kulia liliona kama mtu anayetazama ndani ya tui la nazi. Ndani ya tui hilo rangi nyingi zilikuwa zinapepea: nyekundu, njano, buluu ya khanga ya zamani. Vitambaa ishirini, vyote vitupu.

"Inna lillahi," alisema kwa sauti ndogo, kama aliyeletewa habari ya msiba. Atija alicheka. Kisha akaacha.

Jafar alipokuwa kijana alipakia mizigo kwenye treni kule Nacala. Alirudi Palma na mgongo mbovu, na mabehewa yakiwa kichwani mwake. Akaanza kuyachonga kwa mpingo, kila moja urefu wa shubiri: sakafu, kuta nne, ekseli mbili za waya wa shaba, magurudumu manne. Miaka yote hiyo Zaida ndiye aliyeshika upande wa pili wa kila kitu. Jafar alipokufa, Zaida alijikuta anajua na upande wa kwanza.

Siku hizo mgeni alipita mara moja kwa mwaka, akanunua moja. Ikaja kampuni ya kuchimba gesi. Wageni wakawa wengi, lakini kila kitu kikapanda pamoja nao. Gogo la mpingo lililokuwa likija kutoka kijiji cha Mute juu ya baiskeli, kwa asante na samaki mmoja, sasa lilikuja kwa pikipiki na lilikuwa na bei. Waya, gundi, msasa, vyote. Hata nyanya zilihesabiwa kama mayai. Behewa alilokuwa akiliuza meticais elfu moja halikumrudishia chochote tena mpaka aliuze elfu mbili na mia tano.

Mnunuzi wake mkubwa alikuwa Lourenço, fundi wa mitambo wa kambi ya kampuni, mzaliwa wa Mocímboa, mtu wa makamo ambaye nyumbani kwake Beira alikuwa na meza nzima ya reli. Aliposikia bei mpya alilishika behewa mkononi muda mrefu.

"Mama, kwa bei hiyo naagiza la plastiki Ureno, na linakuja na boksi lake."

"Basi agiza, mwanangu. Mimi sina boksi."

"Niuzie vipande," alisema. "Kata, toboa, piga msasa, basi. Nipe nusu bei, niunge mwenyewe. Kuunga ndiyo raha yangu."

"Unilipe halafu kazi ufanye wewe?"

"Ndiyo."

"Basi kesho njoo unitwangie na mahindi."

Lourenço alicheka mpaka akafuta macho. Wakakubaliana: mabehewa ishirini, vipande, Alhamisi saa tisa alasiri. Na jambo lililomtoa Zaida machozi baada ya mgeni kuondoka: nafasi katika gari lake mpaka Pemba, mji mkuu wa jimbo. Madaktari wa macho walikuwa wamefika Pemba kwa wiki moja, na Ijumaa ndiyo siku yao ya mwisho. Kupasuliwa ni bure. Kula, kulala, dawa za matone na kurudi si bure. Daktari wa Palma alikuwa amemwambia wazi: "La kushoto tumelichelewesha. Hili la kulia, mama, ukilichelewesha nalo, usije kunilaumu."

Leo ndiyo Alhamisi, na saa tatu asubuhi ilikuwa imeshapita.

"Kwani kuna nini?" Atija aliuliza. "Ukuta si ukuta?"

"Keke ya kaka yako imelegea, Atija. Kila tundu inalolitoboa lina unene wake. Nachonga kijiti cha ukuta kwa tundu lake, na tundu lingine hakikubali. Kila behewa lina watu wake. Ndiyo maana nililifunga kila moja kwenye kitambaa chake."

Atija alikaa chini kwenye mchanga. "Si ulisema anataka vipande," alisema. "Nikajua vipande."

Zaida alichukua sakafu moja, akaigusisha kwenye mdomo wa chini, kwa maana mdomo huhisi tundu kuliko kidole. Akachukua ukuta. Hapana. Mwingine. Hapana. Ukuta wa kumi na saba uliingia kwa mlio mdogo, kama mtu anayemeza mate.

Ilipoadhiniwa adhuhuri alikuwa na mabehewa manne. Alisimama kusali kwa sababu hakuwahi kuacha, na katika sijda akajikuta hamwombi Mungu kitu. Alikuwa akipima matundu. Akaomba msamaha, akaisali upya.

Aliporudi, Atija alikuwa amejaribu kusaidia. Alikuwa amesukuma kijiti kwa nguvu za mtu anayepasua nazi, na ukuta umevunjika katikati.

"Nipige," Atija alisema huku akilia. "Nipige tu, wifi."

"Nenda ukavianue vile vitambaa. Ukirudi, kaa mbali na mpingo."

Saa tisa gari lilisimama nje. Mabehewa tisa yalikuwa yamefungwa. Lourenço aliingia, akachuchumaa, akaokota sakafu na ukuta kutoka kwenye mafungu. Akavijaribu. Akajaribu ukuta mwingine.

"Mama, kiwandani ukuta wowote unaingia kwenye sakafu yoyote."

"Jafar hakuwa kiwanda."

Lourenço hakuwa mtu mbaya; hilo ndilo lililofanya iwe vigumu zaidi. "Nataka treni, mama. Tisa si treni. Yaliyotimia nitakulipa tukifika Pemba. Ambayo hayakutimia, nitayafanyia nini?"

Pesa ya mabehewa tisa ingemfikisha mpaka mlango wa hospitali, pengine na usiku mmoja baada ya hapo. Alijua asubuhi ya pili angekuwa amefungwa bandeji, katika mji ambamo hamjui mtu.

"Nitayatafutia watu wake njiani," alisema.

"Njiani?" Dereva, Narciso, alicheka mlangoni. "Senhora, barabara hii inang'oa hata meno. Wewe unataka kuunga?"

"Nibebee ungo, mwanangu. Meno ninayo machache, sina hofu."

Alipanda nyuma, katikati ya vibarua wawili waliokuwa wanaenda likizo. Beseni mapajani, sakafu na kuta kwenye ungo juu yake, vitambaa vibichi begani. Atija alishika dirisha, akatembea na gari mpaka likamshinda.

Vumbi liliingia, na jua lilipiga upande wa jicho lake la kulia. Akafumba macho yote mawili, mwanga ulikuwa unamchanganya. La kumi likapatikana. Kibarua wa kushoto akawa anamfungia fundo bila kuambiwa. La kumi na moja. Akaanza kunong'ona, na haikujulikana kama ni kuhesabu au ni dhikri.

Walipoipita Mute, tairi la mbele likazama kwenye shimo. Ungo uliruka. Beseni lilipinduka, na magurudumu yakamwagika sakafuni kwa sauti ya mvua fupi juu ya bati.

"Simama," Lourenço alimwambia dereva.

"Asisimame," Zaida alisema. "Kesho ni Ijumaa."

Gari likaendelea. Zaida aliteremka kwenye kiti, akapiga magoti katika ule upenyo mwembamba, shavu lake karibu na magoti ya watu. Akanyoosha mkono chini ya viti, kwenye mchanga, maganda ya karanga na buti za watu asiowajua. Kibarua wa kushoto akainua mguu mmoja, kisha wa pili. Wa kulia naye akainua. Wakakaa hivyo, miguu juu, gari likiyumba, na mkono wa Zaida ukipita chini yao polepole.