Mkojo wa Mshindi

Mshindi wa pambano la ngumi alikuwa amesimama chooni, bukta imeshuka magotini, fulana imekunjwa hadi kifuani, kikombe cha plastiki mkononi, na mkojo haukuja. Ubavuni pake, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua, alisimama mpimaji, mtu mwembamba mwenye kitambulisho shingoni. Macho yake aliyaelekeza pale ambapo mke wa mtu tu ndiye mwenye haki ya kuyaelekeza.

"Sina haraka, kaka," mpimaji alisema. "Kanuni inataka niuone unavyotoka. Nitasubiri mpaka utoke."

"Hakuna kitu humu ndani. Nimekauka."

"Kitapatikana."

Nje watu walikuwa bado wanapiga miluzi. Walikuwa wakimwita kwa jina lake la ulingoni, Kifuniko, jina alilopewa kwa vile alivyojifunika kwa mikono mpaka mpinzani akachoka kugonga. Asubuhi alibeba saruji ghalani, jioni alifanya mazoezi, na mabondia wa aina yake huletwa kwenye mapambano makubwa kama meza inavyoletwa kwenye sherehe: wengine wale juu yake. Aliyetakiwa kula siku ile alikuwa Radi, mtoto wa dada yake promota. Radi alikuwa na mkanda, picha kwenye kila ukuta na kocha wa kumfungia viatu. Alichokosa ni kidevu cha kuhimili ngumi. Raundi ya saba Kifuniko alifunua mikono mara moja tu, na mpwa wa watu akalala chali, mdomo wazi, huku mjomba wake akimtazama mwamuzi kana kwamba mwamuzi ndiye aliyempiga.

Kukauka kwake kulikuwa na mwenyewe. Siku moja kabla ya pambano walipimwa uzito, na Kifuniko akaonekana amezidi. Alishangaa, maana asubuhi ileile alikuwa amejipima kwenye mizani ya ghala na kukuta yuko sawasawa. Mizani ya ghala hukaguliwa, kwa sababu saruji ina wenyewe. Mizani ya promota haikaguliwi na mtu, kwani kinachopimwa pale ni bondia. Promota alitikisa kichwa kwa masikitiko yake ya kununua, akasema asiposhuka uzito kabla ya jioni pambano halipo, na aliyekula malipo ya utangulizi atayatapika.

Hapo ndipo Daktari wa Kamisheni ya Ngumi alipomvuta pembeni. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole, ambaye kazi yake ni kulinda afya za mabondia.

"Meza hiki," alimwambia, akimtia kidonge cheupe kiganjani. "Kinatoa maji tu. Mama yangu anameza kila siku kwa presha yake, na hajampiga mtu."

Kifuniko alimeza. Daktari ni daktari. Alishinda chooni mpaka akawa hana mate ya kumeza, uzito ukashuka, na kesho yake akapanda ulingoni miguu ikitetemeka, hivyo hasa walivyotaka wao. Hesabu yao ilikosea kidevu cha Radi tu.

Kule chooni, baada ya kupewa maji na kuyanywa mpaka tumbo likalia, kikombe kilipata matone ya kutosha, ya rangi ya chai iliyokolea. Mpimaji aliyafunga kwenye chupa mbili kwa heshima kubwa. Kanuni inasema wapimwe mabondia wote wawili. Lakini Radi alikuwa amepelekwa kushonwa nyusi, kwa hiyo mkojo wake ulikuja wenyewe, umekaa kiti cha mbele cha gari la promota, umeletwa na dereva. Mpimaji aliupokea kwa mikono miwili.

Majibu yalitangazwa redioni kabla hayajamfikia mwenye mkojo. Dawa ya kukojoza, walisema, moja ya zile zinazotumiwa na wadanganyifu kusafisha damu. Radi alikuwa safi. Mtangazaji alihuzunika sana kwa niaba ya mchezo. Mtaani, wale waliombeba Kifuniko mabegani wakampa jina jipya: Famasi.

"Famasi, nina kichwa kinaniuma," walimwambia akipita. "Hukubakiza kidonge kimoja?"

Mkewe, fundi cherehani, hakuinua macho kwenye sare ya shule aliyokuwa akiishona.

"Wewe ulimeza, hukumeza?"

"Nilimeza."

"Nani alikupa?"

"Daktari wao mwenyewe."

"Basi nenda ukaseme hivyohivyo. Usizungushe, usiongeze. Huwezi kupewa kitu na mwenye nyumba halafu ukaitwa mwizi."

Aliamini hivyo kwa moyo wote, maskini wa watu. Alimpigia pasi shati, akamshonea kifungo kilichokatika, naye akaenda kudai ushindi wake na leseni yake amevaa kama bwana harusi.

Waliomsikiliza kwenye Kamisheni walikuwa watatu, nyuma ya meza ndefu yenye chupa za maji. Mwenyekiti alikuwa wakili. Wa kushoto alikuwa bondia mstaafu, ambaye ngumi alizokula zamani zilimwachia kazi ya kuitikia tu. Na kulia, amevaa tai, alikaa Daktari. Kifuniko alipomwona alifurahi, mpumbavu wa watu. Alidhani ameletewa shahidi.

"Unakubali kwamba ulimeza dawa hii?" aliuliza mwenyekiti.

"Nakubali, mheshimiwa. Alinipa daktari, siku ya kupima uzito. Huyu hapa."

Daktari alifungua chupa yake ya maji taratibu, akanywa, akafuta mdomo.

"Kijana amechanganyikiwa," alisema. "Nawaonea huruma sana hawa vijana."

"Dokta, uliniambia mama yako anameza."

"Mama yangu usimtaje."

Bondia mstaafu aliitikia kwa kichwa. Mwenyekiti aligonga kalamu mezani.

"Sikiliza, kijana. Kanuni iko wazi. Bondia anawajibika kwa kila kinachoingia mwilini mwake. Nani alimpa, lini, kwa nini, hayo hayatuhusu."

"Kwa hiyo yeye anaruhusiwa kunipa, ila mimi siruhusiwi kumeza?"

"Usitufanyie mzaha hapa. Unayo haki ya kudai chupa ya pili ya mkojo wako ifunguliwe, ipimwe upya, kwa gharama zako."

"Nifungue nitafute nini? Si nimeshawaambia nilimeza."

"Vizuri," alisema mwenyekiti, akiandika. "Amekiri."

Kwisha habari. Ushindi ulifutwa, mkanda ukarudi kwa Radi aliyekuwa hata hajauvua vizuri, na Kifuniko akafungiwa miaka minne, asipigane wala asikanyage ukumbi wowote wa mazoezi. Alipotoka, koo limemkauka kwa kusema, chupa za maji zilikuwa bado pale mezani. Hakuna aliyefikiria kumpa hata moja.

Koridoni promota alimwekea mkono begani. Alinukia sabuni ya bei.

"Mwanangu, umejichongea mwenyewe kwa mdomo. Ungekana, tungetafuta njia."

"Nikane kidonge mlichonipa nyie?"

"Yameisha hayo. Njoo nyumbani kwangu, nyuma kuna uwanja. Umfanyishe mazoezi Radi, kimyakimya. Kijana anahitaji mtu wa kumzoesha presha kidogo. Na wewe utakula."

Kifuniko alimwona vile alivyo, shingo nene, meno mazuri, haoni haya hata chembe, na kwa mara ya kwanza tangu aanze ngumi hakumwogopa. Alimdharau tu, dharau safi, kama unavyomdharau mtu anayeiba sadaka huku akisali.

"Mzee, mpwa wako nimeshampiga bure mara moja," alisema. "Mara ya pili sipigi bure."

Promota alicheka, akaondoa mkono wake begani.

Ile wiki hata haikuisha. Ghalani walikuwa wanapakia lori la saruji, jua la adhuhuri limekaa utosini. Wapakiaji husimama mstari, mfuko unatoka bega hadi bega, na anayetoka kwenye mstari nafasi yake huchukuliwa na yeyote anayengoja getini. Hiyo ndiyo desturi, na haina rufaa. Kifuniko alikuwa na kigunia chake begani cha kuzuia mfuko usimchune. Ndipo alipomwona mpimaji anakuja, kitambulisho shingoni, anakanyaga kwa uangalifu asichafue viatu.

"Kaka, sampuli."

"Sampuli ya nini? Si mmenifungia?"

"Umefungiwa kupigana. Kupimwa hujafungiwa. Aliyefungiwa anapimwa popote, wakati wowote."

"Na nikikataa?"

"Miaka inaongezeka. Na hutarudishiwa leseni."

Kifuniko alimgeukia msimamizi. Msimamizi, mtu asiyejua ngumi wala kanuni, alinyoosha kidole getini tu. Pale walikuwa wamekaa watu, kama kila siku, wakiutazama mstari.

Aliweka kigunia chake juu ya rundo la mifuko, akaenda nyuma ya lori. Akashusha suruali magotini, akakunja fulana hadi kifuani, mwili wote mweupe kwa vumbi la saruji isipokuwa pale jasho lilipopasua njia. Akashika kikombe. Alikuwa amebeba tangu alfajiri, na kila tone alilokunywa lilikuwa limeshatoka kwa ngozi.

"Nipe maji," alisema.

"Sina. Na ya humu ghalani siwezi kuyaamini, lazima yawe yamefungwa."

Upande wa pili wa lori msimamizi aliita, na mmoja wa wale wa getini akainuka. Kupitia chini ya lori Kifuniko aliiona miguu yake ikija haraka, ikasimama penye rundo. Mkono ukashuka, ukaokota kigunia, ukakikung'uta vumbi.

Kikombe kilikuwa kikavu.

"Usijisumbue, kaka," alisema mpimaji, akiegemea tairi, macho palepale. "Sina haraka."