Kijiko Kimoja kwa Kila Mechi

Makamu wa mkuu wa shule alisimama golini akiwa amevaa tai. Mpira ulipokuja aliurukia kwa heshima zote za cheo chake, akachelewa, ukampita chini ya kwapa, na ile tai ikamfuata hewani kama mkia wa tiara. Nyuma yetu watu wakacheka kwa pua. Kicheko cha mdomo kilikuwa hatari, kwa sababu Makamu mwenyewe, yule wa nyama na mifupa, alikuwa ofisini kwake ukuta wa pili tu, na kuta za shule yetu zilijengwa na mtu aliyebania saruji.

Mchezo huo wa kandanda ulikuwa wa kompyuta, wa zamani kidogo, uliotengenezwa na kampuni kubwa ya mbali ambayo haijawahi kusikia kwamba sisi tupo duniani. Aliyeupasua matumbo ni Fundi, mwanafunzi mwenzangu anayelala kitanda cha juu yangu. Aliingia kwenye mafaili yake, akawatoa wachezaji mashuhuri wa kampuni, akatuweka sisi. Mpishi wa shule alikuwa beki wa kati, kwa kuwa hapitiki hata kwa kuombwa. Mwalimu wa hisabati alikuwa refa. Mbele kabisa alisimama Mjomba, mwanafunzi aliyechelewa kuanza shule na ambaye tayari ana ndevu, mwenye mguu wa kushoto ambao walinda mlango wa shule jirani huuota vibaya. Fundi aliuhamisha mguu ule kama ulivyo, pamoja na ile namna ya Mjomba ya kuinamisha bega kabla ya kupiga.

Watu wa mitandaoni huiita kazi hiyo modi. Shabiki hukaa, akaugeuza mchezo wa wengine kwa mapenzi yake, kisha akaugawa kwa wenzake. Fundi naye aligawa. Kila Jumamosi mchana, mwalimu wa kompyuta alipotuachia chumba ili asahihishe madaftari kwa amani, tulipanga foleni, tukacheza, tukamshukuru. Kisha Jumamosi moja akazungumza bila kugeuza kichwa.

"Kuanzia leo, kila mechi kijiko kimoja cha sukari."

Foleni ikatulia kama foleni ya sindano.

"Lakini Fundi, si ulikuwa unatupa bure?" mtu mmoja akauliza.

"Nilikuwa."

"Na sisi tukakushukuru."

"Sana. Nimejaribu kuzikoroga hizo shukrani kwenye chai. Haziyeyuki."

Aliyesoma shule ya kutwa hawezi kuelewa uzito wa kauli hiyo. Chai ya bweni hufika mezani bila sukari, kavu kama hotuba ya ufunguzi. Sukari kila mtu huja nayo kutoka kwao, akaifungia sandukuni na kuipima kwa jicho la mfua dhahabu. Kumwomba mtu kijiko ni kumwomba asubuhi yake moja.

Wakalipa. Kopo la sukari hiyo nilikabidhiwa mimi, ninayeitwa Wakili kwa sababu ya kesi zote nilizojitetea mbele ya walimu na kushindwa. Nililinda mali ile kwa uadilifu, ukiacha kidole cha shahada, ambacho ni vigumu kukisimamia.

Jambo ambalo hatukulitarajia ni kwamba mtu akishalipa hugeuka mtu mwingine. Wale wale waliokuwa wakipokea kila kitu kwa mikono miwili sasa walikuja na malalamiko, mikono kiunoni.

"Nimetoa sukari yangu, mbona nakimbia kama nimebeba ndoo?"

"Kwa sababu ndivyo unavyokimbia," Fundi alijibu.

"Basi niongezee mbio."

"Ongeza uwanjani, nami nitaongeza humu."

Alijibu hivyo kwa ukali, lakini asubuhi nilimwona akinywa chai yake tamu polepole, macho ameyafumba, uso umemlegea. Ilikuwa mara ya kwanza kazi yake kumrudia kwa njia ya koo. Sikuwa na moyo wa kumcheka, na mimi humcheka kila mtu.

Mjomba hakuwa na sukari. Kwao ni mbali na hatembelewi. Alizoea kunywa chai kavu kwa uso wa mtu anayeipenda hivyo. Sasa alikuwa akija Jumamosi, akisimama nyuma ya viti, akiwatazama wengine wakimchezesha. Kila aliyelipa alimchagua yeye. Alifunga mabao mengi Jumamosi hizo, na hakugusa kitufe hata kimoja.

Waliotuumbua ni sisimizi. Walilinusa kopo, wakapanga mstari kutoka bustanini, wakapita korido nzima, wakaingia chumba cha kompyuta na kuanza kukagua kibodi herufi kwa herufi. Makamu, mtu wa utaratibu, aliuona mstari ulionyooka kuliko wetu wa asubuhi, akaufuata hadi mwisho wake. Mwisho wake ulikuwa mimi.

"Shikamoo mwalimu," tulimwamkia kwa pamoja, kabla hatujaulizwa chochote.

"Marahaba."

Hakulitazama kopo. Alikuwa akijitazama yeye mwenyewe kwenye skrini, ameruka, tai hewani, mpira wavuni. Mtu akajaribu kuizima kompyuta, Makamu akamzuia kwa kidole. Bao likarudiwa polepole, kama michezo hiyo inavyofanya kwa ukatili.

"Huyu golikipa anaruka upande mmoja daima," alisema hatimaye.

"Ndivyo ulivyodaka siku ya mechi ya walimu, mwalimu," Fundi alisema. Namheshimu kwa hilo mpaka leo.

"Goti lilikuwa linaniuma." Akakohoa. "Na hii sukari?"

"Ni malipo, mwalimu. Ya kucheza."

"Ya kunifunga mimi."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na mimi nalipwa kiasi gani?"

Hakuna aliyejua kama ni mzaha. Uso wa Makamu haukuwahi kutoa taarifa za aina hiyo.

"Kopo litoke humu," akasema, akinyoosha kidole kwangu. Kisha akakinyoosha kwenye skrini. "Na mimi nitoke humo." Akaondoka akikanyaga kwa uangalifu, asiwaue wale sisimizi waliomsaidia.

Tulipumua. Tulidhani kesi imekwisha.

"Swali lake si baya," Mjomba alisema kutoka nyuma.

Fundi akageuka. "Lipi?"

"Mnalipana kwa mguu wangu. Nauliza tu, mguu wenyewe unakula wapi?"

"Mguu huo nimeutengeneza mimi."

"Kwa kutazama upi?"

Watu wakaguna.

"Na hizi kelele za mashabiki," Mjomba akaendelea, sauti yake ya kawaida kabisa, "umezipiga wewe?"

"Nilizipakua."

"Kwa kiasi gani?"

"Bure. Kuna mtu huzirekodi na kuzigawa. Anaomba tu zisiuzwe."

"Yeye anakunywa chai na nini?"

"Mjomba, sikiliza." Fundi alisimama, na sauti yake ilikuwa imepanda kidogo. "Jumamosi zote za kuutengeneza mchezo huu mlikuwa nje mnacheza. Mimi niko humu, nakutazama dirishani ili nijue bega lako linainama lini. Mechi ya kombe sikuiona mpaka mwisho, nilikuwa nairekebisha mechi hii. Nani aliniuliza nakunywa chai na nini?"

Mjomba alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ili ashinde.

"Hakuna," alisema. "Hapo una haki."

Akatoka. Nilitazamia Fundi angefurahi kwa kuwa ameshinda, lakini alikaa mbele ya skrini, mikono mapajani, mpaka mwalimu wa kompyuta akaja kufunga.

Jumamosi iliyofuata Fundi alitangulia, na tulipoingia alikuwa ameshawasha. Nilisimama mlangoni na kopo langu, nje ya kizingiti, kwa mujibu wa sheria.

"Nimetoa visivyo vyangu," alisema.

Makamu hakuwepo. Mpishi hakuwepo, wala refa, wala Mjomba. Kelele za mashabiki zilikuwa zimenyamazishwa. Hata nyasi zilikuwa zimeondoka, kumbe nazo zilikuwa za mgeni fulani mkarimu. Palibaki uwanja wa kijivu, mpira wa kampuni, kivuli kisicho na sura cha kuupiga, na goli moja lenye wavu.

"Wavu nimeuchora mwenyewe. Kijiko kimoja."

"Kijiko kwa wavu?" mtu akasema. "Basi niuzie na kivuli."

Walicheka, kwa mdomo safari hii, wakatawanyika. Wengine walinitazama wakipita kana kwamba mimi ndiye niliyewaibia nyasi. Foleni ikaisha. Fundi hakuwaita. Masikio yake tu ndiyo yaliyobadilika rangi.

Mjomba alikuwa amebaki. Akavuta kiti.

"Sina kijiko."

"Najua."

Nilianza kulifunika kopo, na Fundi, bila kunitazama, akasema, "Liache wazi, Wakili."

Mjomba akapiga. Mpira ukaingia juu kulia, na wavu ukajaa, ukatikisika, ukarudi taratibu. Akapiga tena, katikati. Ulirudi kwa namna nyingine.

"Umeusuka tundu kwa tundu?"

"Tundu kwa tundu."

Ubao wa kiti cha Mjomba ulilia alipojisogeza. Fundi alikuwa ameinamisha bega, kama anayepiga yeye.

"Jaribu chini kushoto," alisema. "Pale kwenye kona kuna kitu nilikifanya kwenye fundo la mwisho. Hakuna aliyewahi kukiona."

Mjomba akapiga chini kushoto. Akasogeza uso karibu na skrini, akapiga tena pale pale, akangoja wavu utulie kabisa.

"Nakiona," alisema.