Radi ya Pili kwa Zachariah

"Kwani ni mvua imemfuata, ama ni yeye ameileta?" Bosire aliuliza, na mama, na Zachariah, na karani anayefunika mizani kwa nailoni, sote tukajifanya tunasikiliza mabati, na kweli mabati yanapiga kelele, matone mangapi kwa sekunde, elfu, elfu kumi, nani atahesabu... ila benchi linahesabika, benchi refu la banda la majani chai, linatosha watu sita na ameketi mmoja, Magokoro Persis, magokoro ndiyo bibi kwa lugha yetu, kikapu miguuni, na sisi wengine tumebanana huku mlangoni kama kuku walioona mwewe... umeme unamulika, nahesabu, moja, mbili, tatu, mpaka kumi, unamulika tena, mara moja kwa sekunde kumi, sehemu ya kumi ya hezi, kwa sababu hezi moja ni mara moja kila sekunde, vidole vya Magokoro vikichuma ni hezi mbili, kuchuma alinifundisha yeye, "majani mawili na kichipukizi, mtoto, usilivue shamba nguo," na nilipolia kwa baridi alinipa ndizi ya kuchoma kutoka kwenye leso... "Kesho tukishapima majani tunaenda kumuuliza," anasema Zachariah, wala hanong'oni, na kila mtu hapa anajua kumuuliza maana yake nini, ni vijana na kiberiti, ni bibi kulala mahindini akitazama paa lake likiisha... "Radi haipigi pahali pamoja mara mbili. Kwangu imepiga mara mbili. Mniambie ni ya Mungu?" Ya kwanza ilipasua mkaratusi wake miaka kumi na miwili iliyopita, ya pili wiki jana ikaua mtamba, mtamba ambaye siku tatu kabla alikuwa ameingia kwenye migomba ya Persis, naye Persis akasema nini, akasema, "Mungu anaona," basi, ushahidi wote ndio huo, ningeletewa hoja kama hiyo kwenye mdahalo chuoni ningeitafuna kabla kengele haijalia... "Wewe wa kempasi," Ronny ananiita, mvua inammeza nusu, "si mnasomea stima huko, hebu tuambie, radi ina adresi?" wanacheka, hata karani, nami nafungua mdomo na mama ananikamata mkono wa sweta... lakini ni swali zuri, Ronny hajui ameuliza swali zuri, mara moja kwa miaka kumi na miwili ni hezi ngapi, darasani tulicheka mwalimu alipotaja nanohezi, sehemu moja ya bilioni ya hezi, tukasema hicho ni kipimo cha kitu kisichotokea, sasa tuone, mwaka una sekunde milioni thelathini na moja na nusu, kwa hiyo mara moja kwa mwaka ni nanohezi thelathini na mbili hivi, gawanya kwa kumi na mbili, mbili na nusu na ushei, basi hiyo ndiyo radi ya Zachariah, nanohezi mbili na nusu, ndogo, ndogo sana, lakini si kamwe, jamani, ndogo si kamwe, kitu cha nadra nacho hurudi, hasa kwa mtu aliyepanda mikaratusi mirefu kuliko yote juu kabisa ya kilima... na "Mungu anaona" je, Magokoro huisema kila Sabato akitoka kanisani, huwaambia watoto, mbuzi, mwenyekiti wa kwaya, mara moja kwa wiki tukimpunja, ambayo ni mikrohezi, sehemu za milioni za hezi, moja na nusu na zaidi, igeuze iwe nanohezi, zidisha kwa elfu, elfu moja mia sita na hamsini, zipange pamoja sasa, elfu moja mia sita na hamsini kwa mbili na nusu, kwa kila radi moja maneno hayo yametoka mara mia sita na kitu, radi ingeanguka wiki gani ambayo hakuwa ameyasema, wiki gani, Zachariah?... nimeshinda, nimewamaliza, na hakuna aliyesikia kwa sababu sijasema, na nikisema watapiga makofi au watazomea na benchi litabaki vilevile... "Nyakerario," mama sikioni, "wewe Jumatatu unarudi chuo. Mimi nabaki kuchuma kando ya hawa," na hiyo ni hoja, nakiri, ndiyo hoja pekee iliyotolewa hapa leo... umeme tena, Magokoro hashtuki, anaondoa jani kavu kwenye kikapu kana kwamba yuko peke yake, na yuko peke yake, tangu mtamba afe watu wangapi wameketi kando yake, hakuna, mara sifuri, igeuze basi, mwanamdahalo, zidisha kwa elfu, zidisha kwa bilioni, ipeleke kwenye mikro, kwenye nano, kokote, sifuri haigeuki, mbili na nusu ilikuwa ndogo lakini nilipata pa kuishika, sifuri haina pa kushika, haihitaji hoja, inataka moja, moja tu, nabandua vidole vya mama kimoja kimoja, polepole, ana vidole baridi, mvua haijapungua, Zachariah bado anaongea, hatua ni chache, naziona zote...

"Magokoro, naomba usogeze kikapu, nikae."