Mbavu za Gitaa la Buganguzi

Kiharusi kilimpata Kahangwa katikati ya Kwaresima, akiwa amekwisha kupinda mbavu mbili za gitaa la kwaya ya Buganguzi. Mbavu ni zile mbao nyembamba zinazozunguka tumbo la gitaa. Huloweshwa, zikapindwa juu ya bomba la moto, kisha zikabanwa ndani ya kalibu, fremu nene yenye umbo la gitaa, zisije zikajinyoosha. Hizi hazikuwahi kufika kwenye kalibu. Kahangwa alirudi kutoka hospitali mkono wa kushoto ukining'inia kama si wake, akazikuta zimeanza kufunguka ukutani zilikotundikwa.

Clavery, mwalimu wa kwaya, alikuja nyumbani kwao Nyanga kumjulia hali. Hakuuliza habari za gitaa. Kahangwa mwenyewe ndiye aliyelitaja.

"Tafuteni fundi mwingine. Mimi nimekwisha."

"Litakuwa tayari," mkewe Celina alidakia, hata yeye asijue limemtokaje.

Mgeni alipoondoka, Kahangwa alimgeukia. "Nani atalitengeneza, Mama Evelyne? Wewe?"

"Wewe. Umepungukiwa mkono mmoja, nami ninayo miwili."

 Miaka yote ya ndoa yao Celina alifagia maranda ya karakana ile, akapeleka chai, akatoka. Kugusa vifaa kulikuwa mwiko, naye hakuwahi kuomba. Asubuhi iliyofuata, alipotoka kupalilia migomba, alifungua karakana, akaiweka kalibu mezani, kisha akarudi kumshika mumewe kwapani. Kahangwa alikwenda, amenuna.

"Anza kiunoni," alisema, akionyesha pale gitaa linapobonyea. "Ikae hapo kwanza, ndipo uisukume huku na huku. Polepole."

Ubavu wa kwanza uliingia. Wa pili ulikuwa umefunguka mno. Celina aliuhisi ukimsukuma viganjani, naye akakaza. Ukalia kacha! Ulikuwa umepasuka.

Alingoja matusi. Kahangwa aliketi juu ya kigoda, akaangua kilio bila kuficha uso, jambo ambalo hakulifanya hata siku walipomzika mama yake.

"Silii mbao, Mama Evelyne. Kila kitu nakijua bado. Nakiona kabisa namna ya kukifanya, ila mkono hausikii."

 Celina alichuchumaa, akaushika mkono ule baridi mpaka kilio kikapungua.

"Kuna mbao nyingine?" aliuliza.

"Darini. Moja tu."

Waliilowesha, wakawasha mkaa ndani ya bomba. Celina aliishika mbao kwa ncha zote mbili, akaiegemeza kwenye chuma cha moto. Kahangwa alisimama nyuma yake.

"Usisukume. Ngoja ilegee."

Bomba lilimbabua kifundo cha mkono, hakuachia. Mara mbao ikalainika, ikafuata mikono yake, naye akapaza sauti, "Imekubali!"

"Haraka, kwenye kalibu!"

Kahangwa aliukandamiza ubavu kiunoni kwa mkono wake wa kulia, uzito wote wa mwili ukiwa juu yake, huku Celina akikaza klampu moja baada ya nyingine. Karibu na kitako ilibaki nafasi ndogo, mbao haikugusa kalibu. Kahangwa aliipapasa kwa kidole.

"Kaza tena hapa."

Celina akakaza. Nafasi ilipungua, haikwisha. Wakaiacha hivyo.

Sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni waliketi benchi moja katika kanisa la Buganguzi, Clavery akalipiga gitaa lao. Kahangwa aliinamisha kichwa. Celina alidhani anasali.

"Besi yake ni kavu," mumewe alinong'ona. "Ni ule ubavu wa pili."

"Najua."

"Safari nyingine tuache mbao majini muda mrefu zaidi."

Celina aliitazama altare, asiione vizuri kwa machozi.

Mkono haukupona. Walitengeneza magitaa mengine mawili kabla kiharusi cha pili hakijamchukua Kahangwa. Alipomaliza matanga, Celina alifungua karakana, akaendelea peke yake.